Samaki Asiye na Matamvua

Jumapili, 11 Novemba 2012

Na bado sijamwambia Mama.

Leo shuleni, maana huku ugenini Jumapili ni siku ya masomo na Ijumaa ndiyo ya kanisa, somo lilikuwa jinsi samaki anavyopumua, na kila mmoja alitakiwa kuleta samaki mzima. Nilipofungua karatasi, wangu hakuwa na matamvua, wala moyo, wala utumbo.

"Huyu wako anapumua kwa imani," Achieng' akasema. Darasa zima likacheka.

Mwalimu akaniuliza kulikoni. Nikajibu haraka, "Ni Mama, Mwalimu. Hakusoma sana, hakuelewa."

Mama alielewa vizuri. Ijumaa, tulipotoka kanisani Mesaimeer, tulipita soko la samaki, akaniuliza mbele ya mkata samaki, "Vya ndani aviache, si ndiyo? Vya somo lako?" Mimi nilikuwa nimeziba pua. "Atoe tu, Mama, ananuka!"

Jioni alirudi kutoka kazini, na kabla hajavua viatu akauliza, "Mwalimu alimpenda samaki wetu?"

Wetu.

Nikasema ndiyo. Alifurahi kiasi kwamba nilishindwa kula.

Kesho, kabla ya kengele, nitamwambia Mwalimu ukweli. Nianze naye, ili jioni nikimwambia Mama niweze kumtazama.