Mbuzi wa Kiamaiko na Waya za Mama Njeri

Dada Rukia mpenzi,

Hujambo na joto la Mombasa? Hapa Tassia, Nairobi, asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Masomo ya kunyoosha meno yananichosha, lakini leo nimekula vizuri. Mama Njeri, mshona viatu wa Kariokor na mgonjwa wangu wa kwanza kumfunga waya za meno, alinialika Kiamaiko tule mbuzi choma pamoja na bintiye, Njeri. Nyama ilipofika, alishindwa kutafuna, maana jana tu nilikuwa nimezikaza zile waya.

"Daktari, si ungengoja hata Jumatatu?" akalalamika.

Niliona haya, nikaanza kumkatia vipande vidogo kama vya mtoto. Akanitazama, kisha akaangua kicheko mpaka mchoma nyama akageuka. Njeri akaacha kula, akaninong'oneza, "Tangu nizaliwe, mathe akicheka lazima azibe mdomo kwa mkono. Leo amesahau."

Machozi yakanilenga, nikasingizia pilipili.

Nibusie watoto wote, na wewe ujitunze, roho yangu.

Nduguyo,
Zuhura