Karatasi Mbili za Tansy

Shoga, Winifred kamtolea uvivu meneja leo, hapa makumbusho ya kiwanda!

Meneja kasoma kibao kipya: "Chokoleti ya Tansy ilikoma kwa sababu watu waliacha kuipenda."

Waliacha kuipenda!!

Winifred akainuka. "Kijana, mimi nimeifunga kwenye karatasi miaka ishirini na miwili. Mlipunguza kakao, mkajaza mafuta. Tulipogoma, mkatuita wachochezi."

Meneja kacheka: "Mama, ushahidi uko wapi?"

Eti ushahidi! Unakumbuka alivyokuwa akificha karatasi moja ya kufungia kila zilipobadilishwa, nasi tukimcheka? Kafungua mkoba, katoa mbili, ya kabla na ya baada, viungo vyote vimeandikwa. Meneja kazisoma: kakao imepungua, mafuta yamezidi.

Kibao kimeshushwa. Winifred kavuta kiti, kaketi pale pale ukutani. Kasema hanyanyuki mpaka cha ukweli kitundikwe.

Njoo na chai.