Isale Haikati Majani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na salamu, kwa hiyo usinikunjie uso huko uliko. Hapa nyumbani Old Moshi hatujambo. Ng'ombe wako mweusi amezaa jike, migomba imeshika vizuri baada ya mvua, na kahawa chache tulizobaki nazo zimetoa maua mpaka wapita njia wanasimama kunusa. Baba mdogo Elinami bado anakohoa na bado anabishana na redio.

Nakuandikia barua hii wazi, asome anayetaka, kwa sababu nimechoka kuisimulia habari yako kwa mtu mmoja mmoja pale dukani kwangu, katika mji mdogo wa Kwa Sadala. Kila anayeuliza kwa nini ukutani sina lile tangazo la maduka yote la mali kutorudishwa, namwambia akae kwanza. Halafu naanza na wewe na mashine. Na juzi, mama, jambo lenyewe limenigeukia mimi. Ikabidi nione kama yale mafunzo yako ninayo kweli au nilikuwa nakusifia kwa mdomo tu.

Unalikumbuka bega lako la kulia. Miaka yote uliwakatia ng'ombe migomba na majani kwa panga, mpaka ukashindwa kuinua mkono kujifunga kitambaa, nikawa nakufunga mimi. Ukauza ndama, ukashuka Moshi mjini, ukanunua mashine ya umeme ya kukatakata majani. Siku inaletwa ulivaa kitenge chako cha Pasaka. Ulisema, "Aika, leo panga linastaafu."

Halikustaafu. Wiki haikuisha mashine ikaanza kuguna, ikatoa harufu ya waya unaoungua, na majani yakawa yanatoka marefu vilevile yalivyoingia. Fundi wa hapo kijijini akaifungua, akaifunga, akasema mota ilikuwa mbovu tangu inatoka kiwandani. Ukarudi kwenye panga. Nilikuwa nakusikia zizini asubuhi, unakata, unapumzika, unakata tena. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani nangoja ajira, na kila ulipopumzika hasira ilinipanda upya.

Tukashuka wote wawili dukani. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kibosho aitwaye Prosper, lakini nani alimwita Prosper? Wenye maduka wote kwetu ni Mangi, na yeye alikuwa Mangi. Juu ya kaunta yake palikuwa na maandishi mekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Tukamweleza. Alinyoosha kalamu kuelekea ukutani, akaendelea na simu yake.

Ukayasoma yale maandishi kwa sauti, polepole, kama unavyosoma somo ibadani. Kisha ukatoa risiti kwenye pochi.

"Nimesoma yako, mbe, ndugu yangu. Sasa na wewe soma yangu. Imeandikwa mashine ya kukata majani. Niliyonayo nyumbani ni mashine ya kuguna. Hiyo mimi sijanunua."

Wateja wakacheka. Mangi hakucheka.

"Mama, hiyo ndiyo sheria ya duka."

"Ya duka nimeiona. Nakuuliza ya nchi."

Ya nchi ulikuwa umeisikia redioni, mwanasheria akijibu maswali ya wasikilizaji. Alisema kitu kinachouzwa lazima kifae kwa kazi kilichouziwa, na muuzaji hawezi kuukwepa wajibu huo kwa kubandika karatasi ukutani. Wewe uliyaweka maneno yale kichwani, na pale kaunta ukayatoa bila kukosea. Mangi akakwambia basi nenda mahakamani. Ukamshukuru kwa muda wake. Hiyo shukrani ndiyo iliyomkera kuliko yote, nilimwona.

Tulipofika nyumbani nilikuwa nimeshaandika kwenye simu maneno ya kumvua nguo mbele ya mji mzima. Ukaniambia nikusomee. Nikakusomea.

"Futa 'mwizi'," ukasema. "Umemwona akiiba?"

"Mama, ametuibia!"

"Ametuuzia kibovu. Usimpe nafasi ya kukushitaki wewe wakati mwenye haki ni wewe. Onyesha kitu kilichopo, halafu nyamaza."

Watu wanadhani simu imetufundisha sisi vijana, na wazee tumewaacha nyuma. Mimi simu nilijua kuibonyeza, wewe ulijua la kusema ndani yake. Ulisimama zizini, kitambaa nimekufunga mimi, ukasema, "Mimi ni Mama Aika wa Old Moshi. Hii ni mashine niliyonunua mjini. Sikilizeni." Duka hukulitaja. Ukaiwasha ikaguna, ikaguna, ng'ombe mweusi akageuza shingo kuitazama, na video ikaishia hapo. Nikaiweka kwenye grupu la kwaya. Kutoka kwaya ikaenda umoja wa wanawake, kutoka hapo sijui ilipita njia gani, ikavuka mpaka Kibosho. Mke wa Mangi aliisikia ikichezwa kwenye jumuiya yao, wanawake wenzake wanacheka, akaitambua mashine. Nasikia siku hiyo Mangi alikula chakula baridi.

Jumamosi akaja mwenyewe. Alikuwa na baba mdogo Elinami, aliyemchukua njiani amsemee, na mkononi alibeba isale.

Wasomaji wasio wa kwetu wajue: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, unasamehe. Hakuna kusema nitafikiria, hakuna kusema rudi kesho. Mangi hakuleta jani, alileta kichipukizi kizima chenye majani tele. Ulisema baadaye kwamba mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu, alidhani msamaha unapimwa kwa ukubwa wa mzigo.

Ukaipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Prosper. Kutoka moyoni. Kesho nitakwenda mezani pa Bwana sina kinyongo na wewe."

Baba mdogo akashusha pumzi, akaanza kuulizia kama pombe ya mbege ipo.

"Sasa," ukasema, "gari mmekuja nalo? Maana mashine ni nzito."

Mama, hata kuku niliona kama wamesimama.

"Shemeji," akasema baba mdogo, "si umepokea isale?"

"Nimepokea."

"Basi yameisha!"

"Hasira imeisha. Isale imekata hasira yangu yote, namshukuru Mungu. Lakini majani haikati, Elinami. Au ng'ombe kesho wale msamaha?"

Mangi akaziba uso kwa mkono, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani analia. Kumbe mtu anacheka, anacheka mpaka anashika nguzo ya zizi. Alipopata pumzi akasema, "Mama Aika, ningekuwa na wewe pale kaunta ningekuwa tajiri." Ukamwambia ungekuwa pale kaunta, ile karatasi ya maandishi mekundu isingekuwepo. Mashine waliibeba siku hiyohiyo, na akaleta nyingine ambayo aliijaribu mbele yako kwa majani yako mwenyewe. Ndiyo hii inayonguruma hapa nje wakati naandika.

Nilipopita dukani kwake baadaye nikatazama juu. Karatasi ilikuwepo bado. Lakini chini ya MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya wino mzito: kama ni nzima. Nilirudi mbio kukwambia. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kile kichipukizi ulikipanda nyuma ya zizi. Sasa kimenipita urefu.

Nimekaa nikifikiri kwa nini siku ile inanivimbisha kichwa hivi. Wabishi huku kwetu wapo wengi, na wanaosamehe ni wengi pia. Shida ni kwamba tunajuana mno. Anayekuuzia mbolea feki mnasali naye, anayekuuzia simu iliyofufuliwa ni mtoto wa shangazi, basi tunaona haya kudai. Tunamsamehe ili tusidai, halafu tunamsema vibaya msibani. Wewe ulivitenganisha. Ulimpa mtu msamaha wake wote bila kubakiza, na ukadai haki yako yote bila kubakiza, na kesho yake mkasalimiana. Sijaona mwanasheria wala mchungaji aliyefanya hivyo vizuri kuliko wewe, na nawaheshimu wote wawili.

Ulipotutoka, Mangi Prosper alikuja. Alisimama kwenye foleni ya wanaume wa ukoo, akaomba koleo, akatupia udongo kama mwenzetu. Nilitaka ulione lile.

Sasa nikueleze ya juzi.

Duka langu unalijua, uliliombea likiwa tupu. Nauza pasi, tochi, chupa za chai, birika za umeme. Mchoraji aliyekuja kuandika jina la duka alitaka kuniongezea lile tangazo bure, nikakataa, akaniambia sitafika Krismasi. Nimefika. Ila siku hizi, mama, mzigo tunaagiza kwa picha za simu kutoka kwa watu ambao hatujawahi kuwaona, na picha zote ni nzuri. Birika nilizoletewa mara hii zilimeremeta. Nikamuuzia moja Bibi Ndeshi wa huko juu Machame, mzee anayetembelea fimbo. Ikampiga shoti. Mungu ni mwema, ilimwangusha kwenye kochi, akaumia kiganja tu. Lakini wajukuu walikuja juu, na yeye akatangaza kwamba kwa Aika hakanyagi tena.

Nikampigia aliyeniuzia. Alisikia neno "shoti", akakata, na namba yangu akaifungia.

Wenye maduka wenzangu wakanizunguka na ushauri. Wakasema Bibi Ndeshi ni mtu wa mila. "Mpelekee isale, Aika. Jani tu. Yule hawezi kukataa, na zile birika nyingine utaziuza taratibu, si zote mbovu." Walisema kwa upendo kabisa, wakininunulia na soda. Na nakwambia ukweli, soda ile niliinywa nikiwa nafikiri. Mtaji wangu wote wa msimu ulikuwa umekaa kwenye yale maboksi, yanameremeta.

Jioni nikaja nyumbani, nikaenda nyuma ya zizi kukata jani. Mashine ilikuwa inawaka upande wa pili wa ukuta, kijana wetu anakata majani ya usiku. Nikasimama na kisu mkononi nikiisikiliza. Haikuguna hata kidogo.

Nikakaa hapohapo kwenye ndoo, nikajirekodi video kama ulivyonifundisha, kitu kilichopo halafu ninyamaze. "Mimi ni Aika mwenye duka Kwa Sadala. Aliyenunua birika ya umeme ya rangi ya fedha kwangu, usiiwashe. Irudishe, nakurudishia chako." Nikaituma kila grupu nililomo. Ndipo nikakata jani.

Wamerudisha, mama. Mmoja alirudisha na ndizi, akasema hajawahi kuona duka linalomwita mtu arudishe. Maboksi nimeyarundika stoo na siuzi hata moja. Krismasi hii sitanunua nguo mpya, na nimelala vizuri.

Kwa Bibi Ndeshi nilipanda mwenyewe. Nilimkuta barazani, kiganja kimefungwa kitambaa, uso umefungwa zaidi. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikanyoosha isale. Akaipokea, akasema amesamehe, na alisema kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru.

Halafu akachungulia mgongoni kwangu.

"Na huo mkono mwingine umeficha nini?"

Nikauleta mbele. Ulikuwa na birika mpya ya kawaida ya kuwekwa jikoni kwenye moto, nzito, isiyojua umeme ni nini, na bahasha yenye fedha yake.

Bibi akatazama jani, akatazama birika, akatazama jani tena. Uso ukafunguka polepole. Akaniuliza swali ambalo wazee wetu wanauliza wakitaka kujua mtu ametokea wapi.

"Wewe, nani alikuzaa?"

Mama, nilisimama kwanza. Kisha nikalitaja jina lako, lile la ubatizo na lile la Kichagga na la ukoo, kwa sauti kubwa mpaka walioko shambani kwa jirani waliinua vichwa.

Pumzika, mama. Kitambaa chako ninacho, na bega halikuumi tena.

Ni mimi mwanao, niliyerithi mdomo wako na sasa najifunza mikono yako,

Aika