Ramani Tatu za Mzee Dale

Laurel, Maryland
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kitandani, miguu nimeiweka juu ya mto kwa sababu imevimba, na karatasi nimeilaza juu ya sinia. Kifua chako kinaendeleaje? Tabitha aliniambia kikohozi kimepungua tangu uache kulala jikoni kwenye moshi. Usirudi huko hata kukiwa na baridi. Na mvua je, zimewaachia viazi vya bondeni au vimeoza tena?

Najua utashangaa kupata barua wakati kila Jumamosi tunaongea kwenye simu. Kuna mama wa kanisani kwetu anakuja Mbeya, ndiye atakayeibeba. Dada Tabitha, msomee Mama polepole na usiruke kitu, hata ukiona kibaya. Kwenye simu, Mama, nikisikia tu sauti yako mdomo wangu unakimbilia kuahidi. Kwenye karatasi naweza kufuta nikaandika upya. Hii ni karatasi ya tatu.

Mimi ni mzima ila nimechoka. Jumatatu mpaka Ijumaa niko kwa mzee ninayemtunza, Jumamosi niko kwenye nyumba ya wazee. Natoka hapa alfajiri, nasubiri basi nimesimama kwenye theluji ya barabarani iliyochanganyika na chumvi wanayomwaga kuiyeyusha, nyeusi kama masizi, nafika viatu vimelowa. Kazi yenyewe ni kunyanyua: kumtoa mtu kitandani, kumweka kwenye kiti, kumtoa kwenye kiti, kumpeleka bafuni. Mgongo wangu sasa unajua uzito wa kila mzee kabla sijamgusa.

Huyu mzee ndiye ninayetaka kukusimulia. Anaitwa Dale, ana miaka themanini na moja. Alikuwa fundi wa lifti huko Washington, alipanda na kushuka ndani ya maghorofa maisha yake yote. Mke wake alishafariki. Ana ugonjwa wa kutetemeka. Kikombe namjazia nusu tu. Jina langu limemshinda, ananiita Yupendo. Nimeacha kumsahihisha.

Ujanani yeye na marafiki zake watatu walikuwa wakienda kila mwaka kuendesha pikipiki za theluji. Usicheke, Mama, zipo. Hazina magurudumu. Mbele zina vyuma viwili vilivyopinda ncha kwa juu, nyuma zina mkanda mpana wenye meno kama wa katapila. Mtu anakaa juu kama amepanda punda, na inakimbia msituni kuliko gari kwenye lami. Watu wazima wenye akili zao wanaacha nyumba zenye joto wanaenda kutafuta baridi ili waendeshe vitu hivyo. Wawili kati ya wale wanne wamekufa. Amebaki Dale na mwenzake Earl, anayekaa Pennsylvania.

Kabla ya Krismasi Earl alipiga simu. Nilikuwa namnyoa Dale, kwa hiyo simu niliiweka mezani tukaisikia wote. Earl akasema, "Twende mara moja tena, wewe utakaa nyuma yangu. Daktari wako si amesema unaweza kukaa, tukienda taratibu? Chagua mahali. Siku zote ulikuwa unachagua wewe."

Siku ile ile Dale alinituma nikamshushie sanduku la ramani juu ya kabati. Tulitandaza tatu kwenye meza ya chakula: ya kaskazini mwa Michigan, ya Maine, na ya New York ya juu kule karibu na Kanada. Zikakaa hapo majuma mengi, tukawa tunakula sahani zikiwa magotini. Alinifundisha namna ya kuchagua. Theluji isiwe ya kuja na kuondoka, iwe imekaa. Njia ziwe zimesawazishwa na mashine, maana zikiachwa zinafanya matuta na uti wa mgongo wa mzee hauwezi matuta. Petroli isiwe mbali. Mwisho wa njia pawe na nyumba ya kulala yenye supu. Alikuwa akipima njia kwa uzi, mimi namshikia upande mmoja kwa sababu mikono yake haitulii. Mama, ungemwona! Mtu ambaye asubuhi hajui ameshavaa soksi au bado, ukimuuliza njia fulani inapinda wapi anakuambia, na mti ulioko hapo anakuambia.

Dale ana mtoto mmoja, Susan, mwanamke wa makamo, anafanya kazi kwenye ofisi za kaunti kule Upper Marlboro. Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi tu. Siku moja alinifuata jikoni, akafungulia maji ya bomba ili baba yake asisikie.

"Hataenda," akaniambia. "Siwezi kumzika kwa sababu ya pikipiki. Lakini nikimkatalia atagoma kula, namjua. Wewe mwache achague. Kila akichagua, mtafutie kasoro. Theluji itayeyuka, atasahau."

Nikasema sawa. Niliona kama ni huruma. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kunyanyua mwili ule kwenye barafu.

Basi akachagua Michigan. Nikamwambia hospitali iko mbali. Akatikisa kichwa, akachukua penseli nyekundu akapiga mstari. Akahamia Maine. Nikashika simu yangu, nikamwambia nimesoma kwamba theluji ya huko mwaka huu imechelewa. Uongo, Mama. Ilikuwa inaanguka tangu juzi yake. Akapiga mstari. Akachagua New York, nikamwambia nyumba za kulala zimejaa. Hata sikuwa nimeuliza. Alinitazama kidogo, akasema, "Una bahati mbaya na simu," akapiga mstari wa tatu.

Ninayekaa naye hapa, Mama Kui wa Nyeri, ambaye ni nesi, nilipomsimulia alisema, "Wewe Upendo, bora hivyo. Huyo mzee angekufia huko kwa barafu, na hao watu waseme ni wewe. Danganya tu, Mungu anaelewa." Nikalala na maneno hayo.

Sasa sikiliza sehemu yako. Unakumbuka Jumamosi ile uliyoniuliza habari za kondoo? Ulisema, "Yule dume nimemnenepesha kwa ajili yako. Nimweke mpaka Juni au mpaka Desemba?" Nami nikajibu haraka haraka, "Juni, Mama. Juni kuna nafasi." Ukacheka ukasema basi utaanza kupaka nyumba chokaa.

Jumatatu yake nikaenda kwa Dale. Nilimkuta tayari yuko mezani, amevaa shati nje ndani. Jumamosi na Jumapili anakuja mtunzaji mwingine, kwa hiyo siku mbili zote alikuwa na ramani bila mimi. Alikuwa amerudi kwenye Michigan. Amefuta mstari mwekundu kwa kifutio mpaka karatasi imetoboka, na pembeni ameandika kwa herufi zinazoyumba: hospitali moja, dakika arobaini. Aliitafuta mwenyewe. Ameandika na jina la barabara.

Akaniambia, "Yupendo, wewe si ulisema kwenu ni milimani?"

Nikamwambia ndiyo, Makete, na mwezi wa sita sakitu inaanguka majani yote yanakuwa meupe.

"Basi baridi unaijua. Ingekuwa wewe, ungechagua wapi?"

Sikuweza kudanganya tena. Nilivuta kiti nikakaa, jambo ambalo sifanyi nikiwa kazini. Nikamwambia, "Mister Dale, hakuna mahali. Nimeambiwa nikutafutie kasoro mpaka theluji iishe. Maine theluji ipo. New York sikupiga simu yoyote."

Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Tangu lini?"

"Tangu Michigan ya kwanza."

Akaanza kukunja ramani. Kukunja ramani kwa mikono ile ni kazi, Mama, lakini nilipotaka kusaidia akaniondoa mkono. Siku tatu hakunisemesha. Alifunga vifungo vya shati mwenyewe, nusu saa nzima, mimi nimesimama mlangoni kama mgeni. Nilistahili.

Ni katika siku tatu hizo ndipo nilipoanza kuandika barua hii. Mama, Juni siji. Desemba pia siji. Si kazini wanaoninyima likizo kama nilivyokuwa nikikuambia miaka yote hii. Karatasi zangu za kukaa nchi hii bado zinasubiri kuamuliwa, na nikitoka kabla hazijaamuliwa sitaruhusiwa kurudi. Mwanasheria amesema inaweza kuwa mwaka mmoja, inaweza kuwa minne, hata yeye hajui. Nimekuwa nikikuchagulia miezi kama mtu anayechagua kitenge dukani na hana nia ya kununua. Nilifikiri nakupa kitu cha kusubiri. Yule kondoo mchinjeni Pasaka, mle. Nyumba paka chokaa kama unaipenda nyeupe, usipake kwa ajili yangu.

Siku ya nne Dale alimpigia Earl mwenyewe, akamwambia, "Tunakwenda milima ya magharibi ya Maryland." Nilimsikia Earl akicheka. Mahali hapo hapakuwa hata kwenye sanduku la ramani. Dale alikuwa akipadharau; alikuwa akisema theluji ya kule ni unga wa kunyunyizia keki. Lakini ni saa tatu kwa gari, mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo akalala kitandani mwake. Alipokata simu akaniambia, "Hapo hata wewe huwezi kupatafutia kasoro." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia.

Susan alinipigia simu kwa hasira, baba yake ameshamwambia yote. Alisema nimeajiriwa kumtunza baba yake, si kumsemea. Nikamjibu, "Ni kweli, dada, nikitakiwa kuondoka nitaondoka." Nilisema hivyo ingawa kazi hii naihitaji.  Kisha akauliza, "Alilia?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Nitaendesha gari mimi."

Tulikwenda Jumamosi iliyopita. Zamu yangu ya nyumba ya wazee nilimpa mwingine. Earl alitukuta huko na pikipiki yake ameipakia kwenye trela. Naye ni mzee, masikio yamekufa, anaongea kwa kupayuka. Theluji ilikuwa haba kweli, mahali pengine majani makavu yanachungulia. Tulimvika Dale suruali mbili, koti, kofia ngumu, mimi na Susan tukamnyanyua tukamkalisha nyuma ya Earl, tukamfunga kwa mkanda mpana kama mtoto mgongoni. Wakaondoka polepole mpaka kwenye miti, mlio ukaisha.

Walisema dakika ishirini. Zilipofika thelathini Susan akaanza kutembea kwenda na kurudi. Zilipofika arobaini akanishika mkono, hakuuachia. "Ningemkatalia," akawa anasema, "ningemkatalia tu, agome kula."  Nilikuwa naomba kwa Kikinga, lugha ile ile uliyotufundishia kuomba, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kimeganda.

Wakatokea. Pikipiki inatembea kwa mwendo wa mtu. Earl alikuwa amepotea njia, kwa sababu aliyekuwa akiwaongoza siku zote ni Dale, na Dale alikuwa akimwonyesha kwa kumgonga begani, na Earl hakuelewa. Uso wa Dale ulikuwa mweupe, machozi ya baridi yameganda mashavuni. Amejikojolea. Nilimpeleka chooni kwenye jengo la walinzi wa msitu, nikambadilisha nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

Nikamuuliza, "Vipi, ilikuwa nzuri?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Njia fupi, theluji mbaya, na Earl haendeshi vizuri." Kisha akanishika bega ili asimame, akasimama. "Nimechoka, Yupendo. Nipeleke nyumbani."

Ndani ya gari alilala kabla hatujatoka kwenye maegesho. Mimi nami nililala. Susan aliendesha saa tatu zote bila redio. Tulipofika aliniambia tu, "Jumatatu saa zile zile," na nikajua kazi bado ninayo.

Sina zaidi ya hilo. Dale sasa analala sana mchana, na ramani hajaniomba tena.

Mama, ukikasirika, kasirika. Dale alinikasirikia siku tatu. Wewe ni mama yangu, una haki ya zaidi. Ila usimtume Tabitha aniambie. Nipigie mwenyewe, saa yoyote, hata nikiwa kazini. Nitakaa chini nitakusikiliza, na sitasema mwezi wowote.

Msalimie Baba Mdogo wa kinuni, mwambie mashine ya kusaga aache kuitengeneza kwa waya. Msalimie Shangazi Mkubwa, na mwalimu wa kwaya, na jirani yetu mama wa pareto aliyetuazima jembe. Watoto wa Tabitha wabusu wote, na yule wa mwisho mniandikie jina lake vizuri, maana kwenye simu silisikii sawasawa.

Ni mimi mwanao wa pili, mzima, miguu juu ya mto,

Upendo