Jezi Zenye Jina Lako

Kwako mpwa wangu, kipa wetu,

Huku hatujambo, ila mama yako hana hamu ya kula tangu mlipofungwa manne. Mimi enzi zangu nilidaka penalti kwa meno, mpira ukapasuka, waulize wazee.

Kesho mkifungwa tena tunashuka daraja. Wiki nzima mashabiki wananiletea jezi nifumue jina lako mgongoni. "Fundi, litoe hilo! Kipa gani ana mikono ya sabuni?" Nawaambia cherehani imegoma, na wajinga wanasahau kuwa kufumua ni kazi ya wembe tu.

Kesho nitasimama nyuma ya goli lako, jina lako mgongoni. Kipindi cha pili mkibadilishana magoli, nitahama nawe. Wakikuzomea, geuka unitazame mimi.

Mjomba wako,
fundi asiye na mpinzani mtaa mzima