Nabii Yunus Juu ya Cherehani

Élisabethville, Juni 1938. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Ujiji.

Dada yangu Zainabu, nakusalimu wewe na wote waliobaki nyumbani.

Juzi alifariki rafiki yangu Karimu, fundi cherehani Mwajemi, aliyezoea kusali peke yake. Watu wa msikiti walipoingia kumwosha, waliona ukutani, juu ya cherehani yake, picha ya mzee mwenye kilemba akitoka kinywani mwa samaki, kichwa kimezungukwa na moto wa dhahabu. Wakarudi nyuma.

"Iko mutakatifu wa bapadri," akasema Bilali, mwosha maiti. "Huyu alibatizwa kwa siri. Bamupeleke misioni."

Nje baridi ilikuwa kali, na maiti amelala bila wa kumgusa. Nikaishusha picha. Nilishaona nyingine kama hiyo katika kitabu cha Kiajemi cha mwalimu wetu wa madrasa kule Ujiji. Nikawaambia huyu ni Nabii Yunus, na moto ule ni nuru ya unabii. Ndivyo wachoraji wa Uajemi wanavyowachora mitume. Jina lake liliandikwa pembeni kwa Kiarabu. Bilali akalisoma polepole, kisha akacheka.

"Samaki mukubwa vile, na siye hatukumuona! Mzee, picha hatuitake, lakini muntu ni wetu."

Tukamzika kabla ya alasiri, tukala bukari, ndio ugali wa huku, na samaki wa Pweto. Sijawahi kula matangani kwa raha namna ile, Mungu anisamehe.

Jifunike vizuri asubuhi, dada, kifua chako nakijua. Ile nafasi uliyonitunzia kando ya kaburi la baba, mpe mwingine. Hapa wapo watakaonizika. Sitarudi.

Kaka yako, Rajabu