Sekela Alikaa Nje

Mjukuu wangu Atupele,

Habari za Dodoma na masomo? Huku kijijini Ruanda tupo. Babu yako bado anakohoa, kahawa tumeshavuna, na miguu yangu siku hizi inachoka kabla sijafika kanisani.

Umeniuliza kama na sisi tulifanya sherehe usiku wa mahafali ya kidato cha nne. Tulifanya, nyumbani kwa mwenzetu kule Mpemba. Kulikuwa na wali, soda na redio ya kaseti. Rafiki yangu Sekela, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, hakucheza. Alikaa nje karibu na jiko, nikamfuata.

"Baba ameshapokea ng'ombe wa mahari," aliniambia. "Jumamosi wananipeleka Chitete."

Ndani wakaniita. Nikamwambia, "Nisubiri, nacheza wimbo huu mmoja tu, narudi."

Nyimbo zikawa nne. Nilipotoka, hakuwepo.

Tulikuja kuonana sokoni Tunduma, wote tukiwa na wajukuu. Nilimwomba msamaha. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka, akasema, "Nilijua huwezi kumzuia baba. Nilitaka tu ukae na mimi."

Wewe nenda kwenye sherehe yenu, mama, ucheze. Ila angalia nani yuko nje.

Sekela sasa ni mjane. Akija kunitembelea tunakaa kibarazani, hatuongei sana. Siinuki mpaka aseme mwenyewe kwamba anaondoka.

Nakuombea heri,
Bibi yako